Ruta ya Lukwambe

Mashine ya tatu ilipokufa, Mansuri aliishusha kutoka mlimani ndani ya gunia la viazi, akaiweka juu ya meza ya chakula, akaifungua kwa bisibisi. Kwanza yakamwagika maji. Halafu wakatoka sisimizi, mayai yao meupe wameyabeba mdomoni, wakaandamana mpaka ukingo wa meza kama watu waliopewa notisi ya kuhama.

"Mama Riziki," aliita, "njoo uwaone waliokuwa wanakula mtandao wetu."

Hidaya, mkewe, alikuja, akatazama, hakucheka. Mchana ule, katika ofisi ya walimu, mwenzake mmoja alikuwa amemwambia mbele ya wote, "Mwalimu Hidaya, mwambie mzee wako barua pepe zangu zimekwama tangu Ijumaa. Au mvua ikinyesha mtandao wenu unajifunika shuka?" Walimu wakaangua kicheko. Hidaya naye akacheka, kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, kisha akaenda darasani na kuvunja chaki mbili ubaoni kwa jinsi alivyokuwa akiikandamiza.

Biashara yao iliitwa Lupanga Neti. Ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao ya Mafiga, dishi moja uani lililotazama mbinguni, na mlingoti mmoja juu ya mgongo wa Lukwambe, huko Uluguru. Dishi lilileta mtandao na mlingoti uliusambaza: upande mmoja chini bondeni, kwenye shamba la kuku karibu na Kingolwira, upande wa pili nyuma ya mlima, kwenye kituo cha afya cha masista, mahali ambapo simu ya mezani haikuwahi kufika, na mwaka ule wa 2003 za mkononi nazo zilikuwa bado hazijakamata. Chini ya mlingoti palikuwa na kibanda cha matofali, na ndani ya kibanda ndimo ilimokaa mashine. Kazi yake ilikuwa kusimama njia panda: kupokea kila ujumbe, kuangalia unakwenda kwa nani, na kuuelekeza njia yake. Wenye ujuzi waliiita ruta. Mansuri hakuwahi kuwa na ruta ya kweli. Alikuwa akichukua kompyuta kuukuu zilizotupwa maofisini, akizifundisha kazi hiyo na kuzipandisha mlimani, na ukungu wa Uluguru ulikuwa ukizila moja baada ya nyingine.

"Safari hii siweki tena kompyuta ya mtumba," alisema. "Safari hii naweka ruta. Shule ya wasichana kule nyuma ya mlima wanataka kujiunga. Mabweni, maabara, ofisi, wote. Mhasibu wao, Bwana Benedikto, atapanda Alhamisi ya wiki ijayo kukagua mitambo. Akikuta takataka kama hii, basi. Kuna kampuni ya Dar imeshawapelekea bei."

"Na hela ya ruta?"

Mansuri akaanza kuwafuta sisimizi kwa kitambaa, taratibu, kana kwamba kazi ile ilihitaji uangalifu mkubwa.

"Kiwanja cha Kihonda," alisema.

Kiwanja cha Kihonda kilikuwa na majina yao wawili. Walikipata kwa kiinua mgongo cha Mansuri, shirika lake la simu lilipobinafsishwa na mafundi wa umri wake wakaambiwa asanteni. Kilikuwa na msingi uliokwisha kuota majani, na kila Idi walikwenda kuutazama, Riziki akiruka kutoka chumba kisichokuwapo kwenda sebule isiyokuwapo.

Hidaya hakupiga kelele. Alivuta kiti akakaa.

"Baba Riziki, tangu uweke ule mlingoti kwenye ardhi ya mama yangu, mimi sijawahi kupanda kuuona. Watu wakiniuliza unafanya kazi gani, nasema mambo ya kompyuta. Sasa unaniambia niweke sahihi ya kuuza kiwanja. Nitaweka. Ila kwanza nataka kuliona hilo dude likifanya kazi, kwa macho yangu, huko huko juu."

*

Dar es Salaam, muuzaji alikuwa kijana nadhifu aitwaye Allen, mwenye duka lenye kiyoyozi. Alimwonyesha Mansuri ruta iliyotumika Ulaya: sanduku la chuma la kijivu, pana kama sinia la pilau, zito, lenye safu ya taa mbele na feni mbili nyuma.

"Kaka, mabenki ndiyo wanafunga hizi," Allen alisema. "Ukimwonyesha mteja hii, hakuulizi swali la pili."

Mansuri aliipapasa ubavuni. Kule shirikani alikozeekea, alikuwa akifanya kazi kati ya makabati ya chuma yaliyomzidi kimo, na mlio wao ulikuwa ukimfuata mpaka nyumbani, masikioni. Aliposikia feni za ruta ile zikiamka, alisogeza sikio karibu.

Akaomba aichukue kwa wiki moja, ajaribu. Allen akatabasamu, akatazama nje, kwenye pikipiki ambayo Mansuri alikuja nayo njia yote ile.

"Hakuna shida, kaka. Pikipiki itulie hapa uani. Ukileta hela au ukileta ruta, unaondoka nayo."

Kwa hiyo Mansuri alirudi Morogoro kwa basi, ruta mapajani, akamlipa na kondakta nauli ya mzigo ingawa mzigo haukuchukua nafasi ya mtu ila yake mwenyewe.

Kabla ya kufika nyumbani alipitia kwa Jesca, mhadhiri wa kompyuta chuoni, aliyekuwa mteja wake tangu mwanzo na ambaye hakuwahi kumfokea. Alitaka tu kumwonyesha. Jesca aliitazama ruta, akaisifu, kisha akauliza juu ya sola na betri za kule Lukwambe. Mansuri akamwambia. Jesca akaingia ndani, akarudi na kibao cha kijani kisichozidi daftari la shule, chenye vijidude vya chuma na matundu manne ya nyaya.

"Hiki nacho ni ruta," alisema. "Nimeletewa na rafiki yangu aliyekuwa masomoni. Hakina feni, hakina diski, kinakula umeme kama taa ya baiskeli. Sikufichi: kikifa, hapa nchini hakuna fundi wa kukifufua. Na jina lake hakuna anayelijua. Lakini kichukue, kiwe pembeni."

Mansuri alishukuru kwa adabu, akakitia kwenye mfuko wa koti. Njiani alijisemea moyoni: nimekwenda na ng'ombe, nimeongezewa yai.

*

Walipanda Jumatatu, shule zikiwa zimefungwa kwa likizo ya Aprili. Riziki alibaki kwa jirani. Wabebaji wawili walichukua ruta kwa zamu, imefungwa ndani ya blanketi, na akina mama waliokuwa wakishuka sokoni na ndizi na maharage mabichi walikaa kando kuwapisha, wakiuliza kama ndani mna mgonjwa.

Mama yake Hidaya, Bibi Maimuna, aliishi nusu ya mlima, mahali ambapo migomba inaanza kukonda na hewa inaanza kuuma. Ardhi yote ya juu, mpaka kwenye mlingoti, ilikuwa ya ukoo wake. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na hapakuwa na mwanamume wa kumzuia kumkaribisha mkwe wake.

"Shikamoo mama," Mansuri aliinama.

"Marahaba baba. Umeleta jingine?"

"Hili la kweli, mama."

"Haya. La kwanza nalo ulisema la kweli." Aliyasema hayo kwa lafudhi ya mlimani, sauti ikipanda mwishoni, na ilikuwa vigumu kujua kama ni mzaha. Kisha akawapa viazi vikuu vya moto, akajifunga kanga ya pili mabegani, akasema atapanda nao. Naye hakuwahi kuingia kibandani.

Hidaya alikulia mlima ule, lakini mgongo wa Lukwambe watoto walikuwa wakikatazwa. Walipotokeza juu, alisimama. Upande mmoja mji wote ulikuwa chini, mabati yaking'aa kama samaki walioanikwa, bwawa la Mindu, reli, mashamba ya mkonge kuelekea Kingolwira, na uwanda ukaendelea mpaka ukageuka rangi ya mbingu. Upande wa pili hapakuwa na uwanda. Palikuwa na milima nyuma ya milima, ya kijani, kisha ya samawati, kisha ya moshi, na katikati ya moja yao, mbali sana, paa jekundu la masista, dogo kama tone la hina kwenye kiganja.

"Mpaka pale?" aliuliza. "Maneno yanatoka hapa yanafika mpaka pale? Bila waya?"

"Bila waya."

Alitazama ile hewa tupu iliyokuwa katikati. Mwewe mmoja alikuwa akielea humo. Hidaya alijikuta anashika mkono wa mama yake kama mtoto.

Mansuri alifunga nyaya hadi alasiri. Alipowasha, ruta ya kijivu ikavuma kwa nguvu, kibanda kikajaa mlio kama wa mvua inayokaribia, na safu yote ya taa ikawaka.

"Njoo," alimwambia mkewe. "Hii ni ya nyumbani, Mafiga, kwenye dishi. Hii ya Kingolwira. Hii ya masista. Taa ikipepesa, kuna mtu anasema neno."

Ya masista ikapepesa. Ikatulia. Ikapepesa tena, haraka haraka, na papo hapo ya Mafiga ikaijibu.

"Nani huyo?"

"Sijui. Labda Sista Cecilia, mkuu wa kituo, anaagiza dawa. Labda mgonjwa anamsalimia nduguye. Mimi siyaoni maneno yenyewe. Naona yanapita tu."

Hidaya alichuchumaa mbele ya taa zile, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mdomo wazi kidogo. Mwanamume huyu aliyekuwa akirudi na matope magotini, ambaye kwa ajili yake walimu walimcheka yeye Hidaya ofisini, kumbe alikuwa akija huku. Alikuwa akikaa peke yake mahali hapa, watu wa milima na uwanda wakisemezana mbele ya magoti yake, na akirudi nyumbani alikuwa akisema tu, nimechoka, kuna chai?

"Nitaweka sahihi," alisema bila kugeuka.

Mansuri alijifanya anakaza skrubu.

*

Ukungu ulipanda kesho yake. Haukuja kama wingu. Ulitoka kwenye majani, kwenye udongo, kwenye nywele za watu. Mchana ulikuwa mweupe, na ndani ya weupe ule jua lilikuwa kama sarafu iliyozamishwa kwenye maziwa. Hidaya na mumewe walilala kwa Bibi Maimuna, na kila walipopanda kibandani Mansuri alipima betri, akapima tena. Ruta ilikuwa ikivuma vile vile. Ilikuwa nzuri, na ilikuwa inakula umeme.

Jumatano asubuhi walipofika hawakusikia mlio. Kibanda kilikuwa kimya kabisa, kimya cha nyumba yenye msiba. Taa zote zilikuwa zimezimika.

Mansuri alikaa juu ya gunia. "Mabenki wana umeme wa gridi," alisema baadaye. "Nilijua. Nilipima tangu Dar, kichwani. Nikajidanganya kwamba jua litakuja."

"Tungeongeza sola?"

"Tuuze kiwanja kwa ajili ya ruta, halafu tuuze nyumba kwa ajili ya sola?"

Alifunika uso kwa mikono. Hidaya hakuwahi kumwona amekaa hivyo, hata siku ile alipopewa barua ya kupunguzwa kazini. Akainuka, akachukua koti la mumewe kwenye msumari ili amfunike mabegani, na kitu kigumu mfukoni kikamgonga mkononi.

"Na hiki?"

"Hicho ni cha dada Jesca. Ni cha kuchezea."

"Kichezee basi."

Mansuri alikifunga kwa shingo upande, bila kuamini, akitumia kilichobaki ndani ya betri ambazo ruta kubwa ilizikataa. Kibao hakikuvuma. Hakikufanya lolote kwa muda. Kisha taa ndogo kama kichwa cha pini ikawaka, na ya pili, na ya tatu. Na kabla hajaondoa mkono, ya masista ikaanza kupepesa kwa kasi, kama maneno yaliyokuwa yamejazana mlangoni tangu alfajiri na sasa mlango umefunguliwa.

Bibi Maimuna, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti, alikaribia. Akaweka kiganja juu ya kibao bila kukigusa, kama apimaye uji.

"Hakina joto," alisema. "Hakina sauti. Na watu wote wale wanapita humu?"

"Wote, mama."

"Subhana," alisema, akarudi nyuma hatua moja, kwa heshima.

Kutwa nzima jua halikutoka, na kutwa nzima kibao hakikuzimika. Mansuri alipima betri mara nyingi mpaka Hidaya akamnyang'anya kipimo.

Lakini kesho yake ilikuwa Alhamisi, na Bwana Benedikto angekuja.

"Sikiliza," Hidaya alisema jioni wakishuka. "Lile sanduku la kijivu lina nafasi ndani. Kiweke humo. Nyaya zitoke mbele, zionekane. Atajuaje?"

Mansuri alitangulia mbele mpaka wakaona moshi wa jiko la Bibi Maimuna.

"Ningeweza," alisema. "Na angesaini. Lakini Mama Riziki, jana nilikuwa tayari kuuza msingi wa nyumba yetu kwa ajili ya mlio. Hiki kimebeba mlima mzima kwa nguvu ya taa ya baiskeli. Sitakificha. Acha akione."

Hidaya alitaka kubishana. Aliwaza ada ya Riziki, aliwaza ofisi ya walimu. Lakini alikuwa ameziona zile taa.

*

Bwana Benedikto alifika mchana, mtu mnene wa makamo mwenye viatu vya ngozi visivyofaa, akihema, begi la ofisi begani. Walimpa maji. Alipopata pumzi alisema, "Haya, mitambo iko wapi?"

Mansuri akamwonyesha.

Benedikto alitazama kibao, akatazama nyuma yake, akatazama ruta ya kijivu iliyokuwa pembeni ndani ya blanketi.

"Ile kubwa?"

"Ile imeshindwa na hali ya huku. Hii ndiyo inayofanya kazi."

"Hii?" Akacheka, si kwa ubaya. "Ndugu yangu, nimepanda mlima, magoti yanalia, nije nione kisahani cha sabuni?"

Hidaya alihisi uso ukimwaka moto. Mansuri alifungua kompyuta yake ya mapajani, akaichomeka kwenye tundu la nne la kibao, akamsogezea gunia la kukalia.

"Una mtu wa kumwandikia, mzee?"

Benedikto alikuwa na binti, Paskalia, aliyekuwa akisoma uuguzi India. Barua pepe zake alikuwa akizisoma kila alipokwenda mjini kwa shughuli za shule, mara nyingine baada ya mwezi. Aliketi, akaandika kwa vidole viwili, miwani puani: Paskalia, ni baba. Niko mlimani Uluguru kikazi. U mzima? Akabonyeza. Taa ya Mafiga ikapepesa mara moja, ndogo sana, na maneno yake yakaondoka.

"Basi," alisema, akaanza kuvua miwani. "Nitalisoma jibu siku nik..."

Jibu lilikuwa limefika.

Baba?? Mlima gani tena? Nimetoka kula sasa hivi, niko chumba cha kompyuta. Huku joto balaa. Uko wapi wewe mbona unaandika?

Benedikto aliyasoma maneno yale, akatazama mlangoni, nje, ambako hapakuwa na kitu ila ukungu na mlingoti uliopotelea ndani yake. Akarudi kwenye kioo.

"Ametoka kula," alisema. Akamgeukia Bibi Maimuna, ambaye hakumjua, kama vile ilikuwa lazima mtu fulani aambiwe. "Mwanangu. Ametoka kula sasa hivi."

"Alhamdulillahi," alijibu Bibi Maimuna. "Amekula nini?"

Benedikto akaandika, amekula nini. Wali na dengu, binti alijibu. Na hivyo wakaendelea, watatu wameinama nyuma yake, hakuna aliyeongea kwa sauti, kama watu wanaomtazama mtoto mchanga akilala.

Alipoinuka alijifuta uso wote kwa leso, akasema ni jasho.

"Mimi nimeamini, ndugu Mansuri. Nakuambia kweli. Lakini kamati haitapanda huku. Kamati itaniuliza, ruta yao ikoje? Niwaonyeshe kiganja? Wale wa Dar wameleta picha za rangi, kabati zima." Alimpa mkono, akaushikilia. "Nitajaribu."

Alijaribu kweli. Kamati ikasikiliza, ikasaini na wale wa Dar. Hilo Mansuri alikuwa ameshalijua pale pale, kwa namna alivyoshikwa mkono, kama mtu anayepewa pole. Ruta ya kijivu ilirudishwa kwa Allen, aliyeikagua kona zote kwa kidole kabla ya kutoa funguo za pikipiki, na akatoza hela ya maegesho. Mansuri aliagiza vibao viwili kupitia kwa Jesca, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, akabaki na wateja wake wale wale, na uji ukawa mwepesi kwa miezi kadhaa. Kiwanja hakikuuzwa. Nyumba nayo haikujengwa mwaka ule.

Lakini alasiri ile, Benedikto alipokwisha kupotelea ukunguni na Bibi Maimuna akishuka kuwasha jiko, Hidaya alikataa kuondoka. Mumewe alikuwa nje akikaza nyaya za mlingoti. Yeye alikaa kwenye gunia peke yake. Ukungu uliingia kwa mlango, ukajaza kibanda, hata ukuta wa pili ukawa hauonekani. Zilibaki taa tatu tu, hazina kitu chochote cha kuzishikilia.

Ya Kingolwira ikapepesa. Mtu asiyemjua alikuwa akimwambia jambo mtu asiyemjua. Na kama afanyavyo mtu aliyekaa barazani kwake anapomwona msafiri barabarani, Hidaya alisema kwa sauti ya chini, "Pita salama."

Ya masista ikapepesa.

"Nawe pita salama."

Mansuri alikuwa amesimama mlangoni, koleo mkononi, nywele zimejaa maji. Alikuwa amesikia. Hakucheka. Aliingia taratibu, akachuchumaa kando ya mkewe, na ya tatu ilipopepesa akaisalimia yeye.